Mafuta Yaliyokuwa Ndani ya Damu Yetu

Baba,

Nakuandikia nikiwa nimechefuka mpaka kinywa ni kichungu.

Unakumbuka siku tuliyotoka kliniki Nakuru, wewe na karatasi ya damu mfukoni? Daktari alikuwa amesema kolesteroli yako iko juu sana. Ulicheka njia nzima hadi Molo. "Hiyo ni ya watu wa vitambi. Mimi mafuta yatakaa wapi?" Nami nikacheka, maana mshipi wako ulikuwa umeshaongezwa matundu kwa msumari.

Mama hakucheka. Tangu siku hiyo alikupikia viazi vya kuchemsha na sukuma bila tone la mafuta. "Mama Wanjiku, hiki ni chakula cha wagonjwa," ulinung'unika, lakini ulikula.

Halafu ukaanguka shambani katikati ya matuta. Hospitalini wakasema mishipa ya moyo iliziba kwa mafuta. Ndugu yako Njoroge alilibeba neno hilo mpaka kwenye mazishi. Akashika maikrofoni, jeneza lako liko pale mbele yake, akasema, "Anayeshika mwiko ni nani? Basi tusiulizane mengi." Watu wakaguna kukubali. Shangazi zangu, waliokula kwa Mama kila Krismasi, siku hiyo walisukuma sahani zake kando kana kwamba zina sumu. Ptuu! Mama nilimchukua, anakaa nyumbani kwangu, huko Bahati.

Mwezi uliopita nilipimwa, na mimi nilivyo mwembamba hivi. Kumbe nina yale yale yako. Daktari alinieleza kuwa ni kasoro kwenye jeni: ini linashindwa kuondoa mafuta kwenye damu, na mtu huzaliwa nayo. Kila mtoto wa mwenye kasoro hiyo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Chakula cha kuchemsha peke yake hakingekutosha, ulihitaji dawa. Kisha akashika uvimbe ulio nyuma ya kisigino changu, akauliza ni wa nini.

"Ni wa magambuti," nilimjibu.

Si ndivyo tulivyosema sote, Baba? Babu alikuwa nao, wewe pia, na tukalaumu viatu vya shamba. Kumbe ni mafuta yaliyojikusanya pale. Na Njoroge anao, mkubwa kuliko wako.

Nikuambie ukweli, nilitaka kunyamaza. Niliwaza, acha aanguke, tuone atalaumiwa mke wa nani. Halafu nikajionea kinyaa mwenyewe. Nilipomwambia Mama, aliendelea kumenya viazi.

"Enda umwambie. Ana watoto."

"Baada ya yale aliyokusingizia mbele ya watu?"

"Wanjiku, enda."

Basi pumzika, baba yangu. Kesho asubuhi napanda kwenda Molo kwa Njoroge. Nitamweleza yote, yeye na watoto wake, na sitaondoka mpaka wakubali kupimwa.

Lakini chai yake sinywi.

Kifungua mimba wako,
Wanjiku