Kuhasiwa kwa Kamanda

Magunga, 4 Agosti 2025

Baba mkwe,

Pokea salamu zetu. Mimi na mwanao Gesare tu wazima, ila baridi ya asubuhi imemkamata kifua. Mgongo wako unaendeleaje huko Macalder?

Nakuandikia kwa sababu ya Kamanda, yule mbwa uliyetupa tulipooana. Kaunti yetu imeleta sheria ya mbwa wakali, na rotwaila kama yeye ndio wa kwanza. Lazima daktari wa mifugo amfanyie wanalotaka. Kulitaja neno lenyewe kwa mkwe siwezi. Gesare amenieleza chinsoni, heshima yenu Wakisii baina ya wakwe, na hata kwetu Wajaluo ni aibu. Wewe ni mtu mzima, utaelewa. Nitampeleka Ijumaa. Kwa kuwa ni zawadi yako, nimeona nisimguse kabla ya kukuarifu.

Mwanao mkwe,
Tony

Macalder, 6 Agosti 2025

Tony,

Salamu zimefika. Mgongo haujambo, kinachouma ni moyo.

Nimeelewa sana. Mwaka juzi watu walipita hapa wakitupa nyama ya sumu, wakasema ni amri. Mama yake Kamanda alikufa mapajani mwangu, povu mdomoni. Na wewe unaniandikia kwa adabu kwamba utampeleka mwanawe mwenyewe?

Unakaa karibu na mbuga ya Ruma, na fisi hapigi hodi. Ndiyo maana nilikupa binti yangu pamoja na mlinzi wake. Ukimwua mmoja, mwingine atarudi nyumbani.

Mwanangu Momanyi ndiye anayeileta barua hii. Mpe mbwa. Usinipigie, simu nimezima, maana hao watu humfuata mtu kwa simu.

Babake Gesare

Magunga, 9 Agosti 2025

Baba,

Natumaini u mzima. Sisi hatujambo, ila usingizi umetupotea.

Momanyi alifika nikiwa soko la Kosele. Alimchukua Kamanda, akaacha barua imefungwa. Baba, mbwa hauawi. Naapa kwa kaburi la mama yangu. Ni jambo dogo, atarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Gesare analia, lakini naye hawezi kumtajia babake jambo lenyewe. Tafadhali mrudishe.

Mwanao,
Tony

Magunga, 27 Agosti 2025

Baba,

Hujambo? Sijui hata kama barua yangu ilikufikia.

Fisi wamekula mbuzi wawili wa Gesare. Maafisa nao walikuja wakamkosa Kamanda. Nisipoonyesha cheti cha daktari kufikia tarehe tano, nitapelekwa kortini, na mbwa akionekana atapigwa risasi. Sasa heshima imenishinda, unisamehe. Wanataka kumhasi. Kumhasi tu, Baba, kama dume la kuvuta jembe. Hafi. Nimelisema, na nikikuona sijui nitautazamaje uso wako.

Tony

Macalder, 14 Septemba 2025

Mwanangu Tony,

Salamu kwako na kwa Gesare. Mimi nipo.

Barua yako ya kwanza baada ya Momanyi niliipata. Nilisema moyoni, mtu asiyetaja anachotaka kufanya ameficha kisu. Nikamfunga Kamanda mnyororo ndani ya shimo langu la zamani la dhahabu, sauti yake isifike barabarani. Kila asubuhi nilimpelekea ugali na omena.

Barua yenye neno lile niliipata Jumamosi. Alhamisi iliyotangulia mvua ilikuwa imenyesha kubwa, mchana kweupe. Nilikimbia na huu mgongo. Nilimsikia akibweka, nikamwita. Nilipofika mdomoni mwa shimo palikuwa na maji tu.

Nimemzika kando ya mama yake. Kwa maafisa nitakwenda mwenyewe, ijapokuwa tarehe tano imepita, nikawaambie aliyemficha ni mimi. Gesare akae kwake, maneno yale niliyatoa kwa hasira.

Mbwa jike wa Bonareri, jirani yangu, ana mimba ya Kamanda, tangu siku zile kabla sijamfunga. Nimeomba dume moja. Akikua nitamleta Magunga, tumpeleke kwa daktari mimi na wewe. Daktari akituuliza tumemleta afanywe nini, usiinamishe kichwa. Nitajibu mimi.

Baba yako,
Nicodemus