Teksi Iliyoagwa Mapema

Jumanne, 5 Oktoba

Siku kumi zimebaki. Teksi ikitimiza miaka tisa, sheria haibembelezi: mita ing'olewe, rangi ya kijani na njano ifutwe, kibali kirudishwe. Mnunuzi anakuja Jumamosi.

Leo nimemuaga Mama Yanang, roho inayolinda gari. Ndizi, soda nyekundu, ubani. Nikamwambia asante, miaka yote hii hujaniacha nimwage damu, sasa nenda katafute gari jingine lenye bahati. Kisha nikalishusha shada lake la maua kutoka juu ya usukani. Nimelia kama mjinga. Miaka hamsini na mitatu — nani ataniajiri?

Jumatano, 6 Oktoba

Kaka Sangwian, dereva mwenzangu wa kijiwe cha hospitali, kanipigia simu asubuhi. Serikali imeongeza miaka mitatu, kwa teksi zitakazopita ukaguzi. Nikamwambia aache masihara. Akanisomea tangazo lote mpaka sahihi. Nikakaa sakafuni. Miaka mitatu! Mnunuzi nimemkatalia. Kanuna, shauri yake.

Ndipo nikakumbuka. Mama Yanang nimeshamfukuza.

Sangwian kacheka mpaka kakohoa. Eti nimemtoa mwenye nyumba, nimebaki na kuta. Alipochoka kucheka akasema taratibu: usiliendeshe hilo gari, dada, mpaka arudi.

Sijaligusa.

Alhamisi, 7 Oktoba

Nimempigia mama, nyumbani kwetu Khon Kaen. Nikaanza kuilaumu serikali, akanikata.

"Serikali ilikutuma umuage? Haraka ilikuwa yako, mwanangu. Muombe radhi."

"Na asiporudi?"

"Atarudi. Yule ana adabu, si kama wewe."

Kuku wa kuchemsha, ubani, shada jipya la jasmini. Nimezungumza na usukani nusu saa nzima, jirani anachungulia dirishani. Nimemwambia Mama Yanang nilikosea, nilidhani yamekwisha. Ishara — hakuna. Gari limetulia tu.

Jumatatu, 11 Oktoba

Kituo cha ukaguzi. Nimekuja kwa mwendo wa mgonjwa, sijui kama karudi, ila ukaguzi hausubiri. Mita, sawa. Taa, sawa. Zimebaki breki, na hizo ndizo zilizoninyima usingizi: wakizikataa, miaka mitatu imekwenda na maji.

Mkaguzi ni binti mwenye miwani, hatabasamu. Kaniambia nishuke, breki atazipima mwenyewe. Kaingia, kafunga mlango. Nikamwona anaweka viganja pamoja, analiinamia shada, midomo inacheza kidogo. Anaomba ruhusa! Mtu wa serikali, na sare yake, anabisha hodi kwanza. Ndipo akawasha. Injini ikaitika mara moja, kama mwenye nyumba aliyerudi.

Sasa yumo kwenye mashine ya breki, mimi nyuma ya mstari wa njano, naandika juu ya goti. Muhuri bado. Lakini kifua kimefunguka, na njaa imenishika, ya kwanza tangu Jumanne. Yule muuza wali wa kunata pale getini asiondoke.