Benchi la Migongo Miwili

Mtaa wa Bulapesa,
S.L.P. 317,
Isiolo.
17 Januari 2026

Mpendwa mdogo wangu Maryan,

Assalaam aleikum warahmatullahi. Habari za Melbourne, na habari za mzee wako na watoto? Natumaini nyote ni wazima na joto la huko limepungua, maana mara ya mwisho ulinipigia simu umekaa mbele ya feni, sauti inatetemeka kama ya mtu aliye juu ya trekta. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kulia ni lile lile. Daktari ameniambia nipunguze kutembea. Nikamwuliza, maziwa yatatembea yenyewe kutoka stendi mpaka sokoni? Akaandika dawa.

Mvua ya Novemba ilitupita. Mjomba Dima anasema huko Sericho ng'ombe wamekonda mpaka unahesabu mbavu, ngamia ndio wanajikaza. Maziwa ya Gotu bado yanakuja, ila mtungi uliokuwa unajaa sasa unafika shingoni. Hiyo ndiyo habari ya mvua, sina la kuongeza.

Sasa nije kwa lililonifanya nishike kalamu. Juzi ulipopiga simu ukamwulizia mjukuu wetu Hamdia, nilikuambia ameenda Nakuru kwa wazazi wake, kisha nikasema network ni mbaya nikakata. Network ilikuwa nzuri. Kumbe wewe hapo hapo ukampigia Hoda, ukamwambia amempora mama yake mtoto, na kwamba mume wake hana adabu ya ukwe. Hoda amelia mpaka kazini. Maryan, tangu utoto wako unaingia vita vya watu kabla hujauliza nani amepigwa. Hakuna aliyeporwa. Abdiladif, yule kijana wa Kulmiye, anarudi huko wiki ijayo, nimempa barua hii akuletee mkononi. Kwa simu nisingeyamaliza.

Unakumbuka Hamdia aliletwa kwangu alipoachishwa ziwa. Mtoto wa kwanza wa binti hulelewa kwa bibi, ndivyo tulivyokuta, na Hoda mwenyewe alikuwa bado anasomea unesi. Mwaka huu mtoto anaingia darasa la kwanza. Hoda na mumewe sasa wana kazi zao Nakuru, wana nyumba, wakaanza kutuma neno kwamba wanamtaka. Nikajibu tutaona. Wewe unaijua tutaona yangu, ni hapana iliyovaa buibui.

Nilitaka abaki. Naandika wazi ili usije ukasema nilimchoka. Tangu marehemu Abass atutoke, nyumba hii ilibaki na sauti mbili, yangu na ya Hamdia, na yangu nimeizoea mno.

Basi ikabidi mkwe wangu aje mwenyewe kuomba, maana jambo kama hilo haliombwi kwa simu. Hapo ndipo shida ilipo. Watoto wako wakikuuliza, waambie hivi: kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawatajani majina, wala hawasemezani. Wakiwa na neno, wanapata mtu katikati wa kulibeba. Ndiyo sababu hata hapa silitaji jina lake, na wewe unalijua. Mimi nikiwa ndani ya nyumba yeye haingii. Nikitoka nimpishe, ataongea na nani, na viti?

Jirani yangu Karambu, yule Mmeru wa duka la mbegu, ndiye aliyesema twende bustanini. Huijui, umeondoka zamani. Ni pale tulipokuwa tunapita tumeziba pua, magari yakioshwa na takataka zikichomwa. Sasa wamezungusha ua, wamepanda nyasi, wameweka pembea na vile vya watoto kuteleza. Familia zote za mtaa zinamalizia Jumapili hapo. Nyasi zinamwagiwa maji kwa mpira asubuhi na jioni. Mjomba Dima akiziona atalia, au ataleta ng'ombe.

Tulienda Ijumaa baada ya Krismasi, msikiti ulipotoka. Hoda hakuja, hospitali haina sikukuu. Bustani ilikuwa imejaa: Waturkana wamevaa nguo mpya zingine bado zina karatasi ya bei, wasichana wa Kisomali wanapigana picha, akina mama wa Kimeru na sufuria nzima ya pilau. Askari wa pale alikuwa anafukuza vijana kwenye pembea. "Shuka! Hiyo ni ya watoto, wewe una ndevu!" Nikacheka ndani ya mtandio. Nilikuwa nimekuja nimenuna, lakini yule askari alinichekesha.

Aliyetengeneza mabenchi ya pale hajui sisi ni watu gani, lakini alitufikiria. Katikati kuna ukuta wa simiti wa kufika mabegani, na kiti upande huu na kiti upande ule, watu wanakaa wamepeana migongo. Karambu akaangalia, akapiga makofi. "Mama Hoda, wewe keti huku. Yeye aketi kule. Hamtaonana hata mkilipwa." Nikafikiri kidogo. Adabu inakataza uso, mgongo haikuutaja. Nikaketi. Baadaye nikasikia viatu vikija taratibu upande wa pili, mtu akaketi, na Hamdia akapiga kelele, "Baba!"

Karambu ndiye alikuwa awe mdomo wetu. Amefanya hivyo mara nyingi, na kila mara anatucheka, anasema sisi ni redio mbili zilizokosa betri. Lakini alikuwa amekuja na wajukuu wake, na wale watoto wakaona lile jumba la mpira linalojazwa upepo, watoto wanaruka ndani. Foleni ilikuwa mpaka getini. Wakamvuta gauni mpaka akaenda. Akasema anarudi sasa hivi. Sasa hivi ya Karambu unaijua.

Tukabaki hivyo, mimi na mkwe na ukuta. Hamdia alikuwa anazunguka benchi akiruka ruka, mara kwangu, mara kwake. Mwishowe mkwe akamwambia kwa sauti ya chini, akiniita Akko, bibi, kama mtoto anavyoniita, "Mwambie Akko baba anamsalimia, anauliza hali ya goti."

Hamdia akazunguka. "Akko, baba anakusalimia. Goti lako liko aje?"

Mtoto naye ni mdomo, nikasema moyoni. Nikamjibu, "Mwambie goti liko pale pale, na mimi namshukuru." Akazunguka. Mkwe akasema, "Mwambie nimemletea kitambaa cha kushona gauni la dira, mama yako alichagua." Hamdia akarudi kwangu na kitambaa mkononi: "Baba amekuletea kitambaa cha dira, na anasema ninunuliwe aiskrimu."

Nilimsikia baba yake akicheka upande wa pili. Hakusema neno lolote la aiskrimu, na mimi nilikuwa nimesikia hivyo, kwa sababu kutoka mgongo wake mpaka wangu hakukuwa na hata kiganja. Lakini hebu elewa sheria ilivyo. Anachosema mkwe, hata kikiingia sikioni mwangu, sijakisikia. Nimesikia kile mjumbe alicholeta. Hamdia amekaa chini ya sheria hiyo maisha yake yote. Nikamnunulia aiskrimu.

Akala, akapangusa mkono kwenye gauni. Ndipo mkwe akamwita akamshika mabega. Nilijua amemshika kwa vile viatu vya mtoto vilivyonyamaza. Akasema polepole, "Sasa sikia vizuri. Mwambie Akko, mimi na mama yako tunaomba uje ukae nasi na uanze shule Nakuru. Lakini yeye ndiye amekulea. Akisema ubaki, utabaki, na mimi sitalirudia tena neno hili mbele yake."

Hivyo ndivyo alivyosema, mtu unayemwita hana adabu.

Hamdia akazunguka, safari hii hakuruka. Akasimama mbele yangu na mdomo una maziwa ya aiskrimu. Alileta yote, hakuacha hata kipande. "Baba na mama wanaomba niende Nakuru shule. Lakini ukisema nibaki, nitabaki, na baba hatasema tena."

Nilikuwa na jibu tangu Novemba. Nikasema, "Mwambie baba yako, shule ziko hata hapa. Mtoto amezoea. Abaki kwangu."

Akaniangalia. Halafu akaenda, akishika ukuta kwa mkono mmoja, na mimi nikaanza kukunja kile kitambaa cha dira kwa sababu jambo lilikuwa limekwisha. Nikamsikia upande wa pili.

"Baba, Akko amekubali. Amesema niende. Lakini likizo zote mnilete hapa kwake, hata ile fupi."

Haki ya Mungu, Maryan, nilidhani masikio yamenicheza. Mkwe akasema Alhamdulillah, na nikasikia anapenga kamasi. Mwanaume mzima, fundi wa minara ya simu, anapanda juu kule ambako hata tai wanafikiri mara mbili, analia nyuma yangu kwenye bustani ya watoto. Akasema, "Mwambie Akko Mungu amlipe. Mwambie sikutegemea."

Ningeweza kusema. Usifikiri sheria ilinifunga mdomo kabisa. Mama yetu alipokuwa na haraka na hakuna mjumbe, alikuwa anaiambia sufuria, na mkwe akiwa nje ya mlango anasikia. Hapo bustanini paka mmoja alikuwa miguuni pangu anasubiri mfupa. Ningemwambia paka, "Wewe paka, mimi nimekataa," na mambo yangekwisha pale pale. Mkwe angeinuka na kurudi Nakuru peke yake bila kununa. Ninamjua.

Lakini ningekuwa nimesema nini? Ningekuwa nimemwambia baba kwamba mtoto niliyemlea mimi ni mwongo, na ningekuwa nimemwambia mtoto kwamba alitaka kwenda nami nikamziba mdomo. Niliyapima hayo mawili huku Hamdia akizunguka benchi kuja kwangu. Benchi lenyewe ni fupi. Akafika, akasema, "Baba anasema Mungu akulipe," na mimi nikasema amina.

Karambu alirudi ametoka jasho, kiatu kimoja mkononi. "Mmefika wapi?" Nikamwambia tumemaliza. Akasema, "Hivyo tu?" Nikasema hivyo tu. Alipoelewa mtoto anakwenda alinitazama kwa muda mrefu, kisha akafungua pilau aliyopewa na wenzake, tukala. Mkwe alikuwa ameshahamia mbali, karibu na geti, anamsukuma Hamdia kwenye pembea.

Niliumia. Siku zile za kungoja safari nilikuwa nikimwona anakula najisikia kama mtu anayetazama mzigo uliokwisha fungwa. Siku moja nilimkasirikia, nikamnyamazia mpaka alasiri, halafu nikaona aibu. Mjumbe hauawi, wanasema, lakini hawakusema ufanye nini mjumbe akiwa ndiye mwenyewe.

Sasa ninachokuomba ni hiki. Mpigie Hoda, umwombe radhi, usizunguke zunguke na hadithi za Australia. Na haya niliyokuandikia yaishie kwako. Mkwe hajui kwamba nilikataa. Siku akijua, kwa vile alivyo, atamrudisha mtoto kwa basi la kwanza, atamweka mlangoni kwangu na kuondoka bila neno. Ninajua hivyo kama ninavyojua jina langu. Kuna asubuhi nimeamka nimeketi kitandani nikiliwaza hilo basi. Kwa hiyo nakuomba wewe, kwa sababu mimi peke yangu sijiamini.

Jambo la mwisho nikuambie. Asubuhi ya safari nilikuwa napanga nguo zake, yeye amekaa juu ya begi ili lifungike. Nikamwuliza bila ukali, "Hamdia, siku ile bustanini nilikutuma umwambie baba yako nini?"

Akasema, "Nibaki."

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Umekubali niende."

"Kwa nini?"

Kweli sikutaka jibu, nilitaka ajue tu kwamba najua. Lakini wewe utakumbuka, mtoto huyu akisema uongo mbele ya wageni mimi huwa nakohoa, naye husahihisha mara moja. Akaangalia miguu yake. "Nilisimama pale kwa baba nikangoja ukohoe," akasema. "Nilingoja sana, Akko. Hukukohoa."

Nikafunga zipu ya begi.

Karambu anakusalimia, anasema ukimletea mbegu za huko usizifiche kwenye soksi kama mara ile. Mjomba Dima na watu wote wa Sericho wanakusalimia. Nisalimie mzee wako na watoto, kila mmoja kwa jina lake. Hamdia anakusalimia pia. Alinipigia jana kutoka Nakuru, amepata rafiki anaitwa Kagendo, na amesema likizo fupi ni mwezi wa pili.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe subira ya kuuliza kwanza, na atukutanishe tukiwa na afya.

Dada yako akupendaye, ukiwa mbali na ukiwa karibu,

Sadiya