Nenosiri la Mama Stoo

Chumba cha Kompyuta,
Ofisi ya Maji, Ghorofa ya Pili.
Jumatatu, 9 Juni

Mpendwa mwanangu,

Habari za huko makao makuu? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Sisi hatujambo, isipokuwa goti langu, na hilo umeshalizoea. Usishangae kupata karatasi badala ya barua pepe. Nitakueleza.

Mwanangu, ile amri yako imenichosha! Uliagiza kila nenosiri kwenye mtandao wetu life baada ya wiki mbili. Nia yako naielewa: mwizi akiliiba leo, baadaye halimfai kitu. Lakini mtu akilazimishwa kubuni siri mpya kila mara, hubuni siri nyepesi. Mhasibu anaongeza namba moja tu mwishoni. Karani wa mapokezi amelibandika lake kwenye skrini, wateja wanalisoma. Nilipomkemea akanijibu, "Mzee, hata mimi bila hicho kikaratasi siingii!"

Wengine wamekata tamaa. Yao yakifa, wanaingia kwa nenosiri la Mama Stoo, mtunza bohari wetu, maana yeye hasahau kulibadilisha kwa wakati na hana choyo.

Sasa wiki iliyopita mtu ameagiza mabomba ya mtaa mzima kwa jina la Mama Stoo, tena ya saizi isiyotufaa. Meneja kamsimamisha kazi. "Kompyuta haisemi uongo," anasema. Haisemi uongo, sawa, lakini haioni nani amekaa kitini! Saa ya agizo hilo mama wa watu alikuwa getini akipokea saruji, nami nimesimama pembeni yake.

Ijumaa anahojiwa. Tafadhali mwandikie meneja kwamba jina kwenye skrini pekee si ushahidi. Kisha ifute hiyo amri. Mpe kila mtu nenosiri moja refu, libadilishwe likivuja tu.

Leo asubuhi nilikaa kukutumia maelezo yangu kwa barua pepe. Nenosiri langu nalo limekufa, na wa kulifufua ni wewe. Mhasibu akanionea huruma: "Chukua langu, mzee." Nimekataa, ingawa nalijua. Nikimtetea Mama Stoo kwa jina la mhasibu, nani ataniamini? Ndiyo maana nimeshika kalamu, na dereva wa ofisi anakuletea mkononi.

Msalimie mumeo, na shemeji yangu, mama yako, na wale pacha watundu. Mungu akulinde na akuondolee hicho kikohozi.

Ni mimi nikupendaye hata nikiwa nimenuna,
Baba Mkubwa