Kila Mtu Dok

Jumanne, Kansanga

Leo nimekataa kumchoma mtoto sindano.

Mtaa huu kila mtu huitwa Dok, yaani daktari, hata kama si daktari. Fundi simu wa mlango wa pili ni Dok, mshona viatu ni Dok, nami ninayeuza sabuni na panadol ni Dok.

Asubuhi jirani yangu Nnalongo, mama wa mapacha, aliingia dukani mbio na mtoto mgongoni. Mwili moto, shingo imekakamaa.

"Dok, huyu iko na joto sana. Piga yeye sindano moja tu."

Nikamwambia nilikuwa muuguzi kwetu Bukavu, hapa ugenini sina ruhusa ya kutibu, na udaktari sijausomea popote. Nikasimamisha boda, nikawapandisha waende hospitali.

"Sasa Dok ya nini?" akasema, akaondoka amenuna.

Jioni amepiga simu. Mtoto amewekewa dripu, amefumbua macho. Nimeshukuru Mungu. Lakini je, kama mama yake alikuwa akinisubiri mimi tangu jana, akiamini kweli mimi ni daktari?

Miaka miwili wananiita hivyo. Sijamsahihisha mtu hata mmoja. Nilikuwa naitika, tena kwa raha.