Dubu Niliyempeleka Keko

Genoveva, nimeharibu. Nimeharibu kwa mikono yangu mwenyewe.

Unamkumbuka yule dubu mdoli niliyeachiwa na Wajerumani tuliowalelea watoto Oysterbay? Yule mama anayekusanya madubu ya zamani kaja leo kumnunua. Hela yake ndiyo ilikuwa iwe ada ya mjukuu wangu Noela, chuo cha uuguzi.

Sasa mie jana nikaona aibu mgeni amkute kachakaa vile. Nikampeleka Keko kwa Alfonsi, fundi makochi. Tumboni alijazwa maranda, kama yale ya mbao karakanani. Alfonsi kayatoa yote, kaweka sponji, kamvika velveti mpya. Hata senti hakutaka.

Leo yule mama kamshika, kampapasa masikio. Kaniuliza, "Bibi, kile kifungo cha chuma cha sikioni, alama ya kampuni, kiko wapi?"

Kiko wapi! Alfonsi alikitupa, kisije kikamchoma mtoto.

"Na manyoya yake ya zamani?"

Yamechomwa pamoja na maranda, Genoveva. Mafundi wa Alfonsi wamechemshia chai.

Hakunicheka. Kamaliza chai yangu, kanipa pole, kasema, "Huyu sasa ni mdoli tu, bibi." Mdoli tu! Kaondoka na hela zake.

Noela kaikunja ile sare aliyokwisha kuipiga pasi. Ananiambia, "Usilie bibi, mbona dubu kapendeza."

Na sasa hivi Alfonsi kanitumia ujumbe. Anauliza mgeni kafurahi? Anasema kama kuna dubu mwingine nimpelekee, atamtengeneza bure. Nimjibu nini, mwenzangu?