Mapigo Mawili ya Bakora

Ghorofa ya Kumi na Moja,
Thorncliffe Park,
Toronto.

Jumanne, 4 Februari 2025

Mpendwa mjukuu wangu Kumail,

Miaka mitatu! Mabata bukini wanaochafua majani hapa chini ya jengo huondoka baridi ikiingia, na kila mwaka wanarudi. Hao hawana hata bibi. Wewe unaye, na umekaa tu huko.

Haya, salamun alaykum. U mzima? Goti la kushoto limepona? Unakula? Juzi nilikuona shavu limebonyea. Mimi sijambo. Magoti hayataki ngazi, sukari inapanda na kushuka, moyo uko palepale. Lifti moja imekufa, na hiyo iliyobaki hujifikiria kwanza kabla ya kuja.

Anayeniandikia ni Léonard, mzee wa Kikongo wa ghorofa ya tisa, aliyekuwa mwalimu kwao. Unajua mimi shule niliiona kwa nje. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno. Simu zako zimenichosha: "Bibi hujambo, Bibi niombee dua," halafu umekata. Barua huwezi kuikata katikati.

Mechi zako za magongo ya kwenye barafu naziangalia zote. Mkicheza jioni huko, hapa ni alfajiri. Nikishaswali, dada yako Sabika ananiwekea kwenye simu yake, anaiegemeza kwenye birika la chai, kisha anarudi kulala. Barafu niliyoijua mimi Lindi ni ya kutia kwenye juisi, lakini sasa faulo naiona kabla refa hajapuliza. Na huo mji wako naupenda. Ulituambia kiwanda cha karatasi kilichokuwa na timu kilipoitupa, watu wenyewe waliibeba: kinyozi, muuza samaki, na yule bibi wa duka la tambi anayewalisha wachezaji bila kuuliza. Marehemu babu yako alisema, "Timu hiyo ina wenyewe." Tangu siku hiyo akajihesabu na yeye ni mmoja wao.

Unakumbuka alivyokuwa akiangalia, bakora katikati ya magoti. Ukifunga goli, ulikuwa unainua gongo lako mara mbili mbele ya kamera, naye huku anagonga sakafu mara mbili, ko! ko! Na chini jirani yetu Melissa anaipiga dari yake kwa mpini wa fagio. Babu anafoka: "Mwambieni huyo mwanamke mjukuu wangu amefunga!" Halafu mimi ndiye natumwa nikampelekee kaimati za kumtuliza.

Sasa nikwambie kilichonifanya nimpandishe Léonard ghorofa mbili.

Miaka mitatu iliyopita Babu alikufa Alhamisi, Ijumaa tukamzika. Fainali yako ilikuwa Jumapili. Baba yako alishika simu akupigie, nikamnyang'anya. Nikawaambia wote, atakayemwambia Kumail kabla mechi haijaisha asile tena kwangu. Usimlaumu baba yako wala Sabika. Ni mimi. Kwetu mtu aliye mbali hapewi msiba akiwa peke yake. Anafichwa mpaka apatikane mkono wa kumshika. Nilidhani nakufanyia hisani.

Na nilikuwa najua, Kumail. Hilo ndilo linalonila. Baba yangu mimi alipokufa nilikuwa Dar, nikaletewa habari: "Baba anaumwa kidogo, njoo." Nikanunua machungwa ya mgonjwa. Nikayapakata njia nzima hadi Lindi, nikafika nikakuta watu wanakunja mikeka ya matanga. Nilisimama uani na kikapu changu, sijui nikiweke wapi. Nikaapa sitamfanyia hivyo mtu yeyote. Nikakufanyia wewe.

Jumapili ile niliangalia peke yangu. Ukafunga. Ukaja mbele ya kamera unacheka, ukainua gongo mara mbili, ukasimama kidogo kama mtu anayesubiri kujibiwa. Uliyekuwa unamsalimia alikuwa na siku mbili ardhini. Bakora ilikuwa nyuma ya mlango na mimi sikuwa na mkono wa kuichukua. Nilisema "shabash" chinichini, kama mwizi. Watu huogopa sura ya maiti. Mimi inayonijia kila nikifumba macho ni sura yako ulivyocheka.

Tangu ulipoambiwa, hukuinua gongo tena. Unafunga, unageuka, unarudi kati. Wenzako wanakukumbatia, wewe umesimama kama nguzo.

Sasa sikia ya Jumapili hii iliyopita. Niliona huko jukwaani kiti kitupu kimefungwa skafu ya timu. Watu wamebanana kulia na kushoto, hakuna anayekikalia. Nikamwamsha Sabika. Akatafuta kwenye ukurasa wa timu yenu, simu ikamtafsiria, akasoma, akarudia kusoma. Nikamwuliza, "Umemeza ulimi?" Ndipo akanieleza: mjini kwenu shabiki mkongwe akifa, kiti chake hufungwa skafu msimu mzima. Na hicho ni cha Babu. Msimu huu ulikwenda kwa yule bibi wa tambi ukamweleza habari zake, na yeye ndiye anayekifunga skafu kila mechi kwa mikono yake.

Nililia, mwanangu. Watu wasioweza hata kulitamka jina la Hussainali wangu wamekaa na msiba wake pamoja nawe. Sisi wenye damu yake hatujalia nawe hata siku moja.

Halafu ukafunga. Ukakigeukia kile kiti, ukainua gongo mara mbili.

Hapa Léonard ameacha kalamu ananitazama. Andika, Léonard.

Mimi sikugonga. Sabika hakugonga. Haikupita muda, mlango ukabishwa. Melissa, na nguo zake za kulalia, uso umempauka, na safari hii hana fagio mkononi. Sabika akawa anatutafsiria.

"Amegonga," alisema.

"Nani?"

"Mzee. Mara mbili. Bibi, mimi nilikuja mazikoni kwake. Najua nilichosikia."

Nikamkalisha, nikammiminia chai. Tulikunywa watatu. Alipoondoka nikaenda nyuma ya mlango kuitazama bakora. Vumbi la miaka mitatu liko juu yake vilevile, hakuna alama ya kidole.

Léonard anasema, "Mama, ni mabomba ya joto hayo, baridi ikizidi yanapiga kelele." Nimemwuliza mabomba yamejuaje kama ni goli. Ameinamia karatasi, anaandika.

Mimi sijui, Kumail. Sikufichi kitu tena. Tangu Jumapili nikipita sebuleni nakizunguka kiti chake, kama nampisha mtu. Simwogopi Babu yako, nimelala naye miaka hamsini na mbili. Ninachoogopa ni kwamba anagonga yeye kwa sababu sisi tulio hai hatugongi.

Nisamehe. Neno hilo sijawahi kumwambia mtoto wangu wala mjukuu, na Léonard ni shahidi. Kama huwezi, basi njoo unikasirikie hapahapa, nikiwa nakupakulia pilau. Msimu ukiisha mwezi ujao, panda ndege. Usingoje uambiwe Bibi anaumwa kidogo.

Baba yako anakusalimu. Hasemi, lakini skafu uliyompa haivui hata ndani. Sabika anakusalimu. Melissa anakuulizia. Huyo bibi wa tambi mshike mikono yote miwili, umwambie ana dada yake huku. Mungu akukinge na barafu, akukinge na magongo ya wenzio, akulainishe moyo, na huo wangu pia.

Ukija, usibishe hodi kama mgeni. Ufunguo wako ni uleule. Ingia, nyosha mkono nyuma ya mlango uichukue bakora. Vumbi usilifute, lishike hivyohivyo. Kisha gonga sakafu mara mbili, kwa nguvu, mpaka Melissa aje na fagio lake.

Akupendaye hata ukinuna,
Bibi yako,
Kanizfatema